Jina la Lita Arobaini

Kanuni ya nne niliiandika nikiwa na hasira, na sijawahi kuandika kitu kwa hasira kisinirudie. Inasema kwamba kila namba isiyobadilika ipewe jina linaloeleza kazi yake, kwa herufi kubwa tupu, maneno yaunganishwe kwa mstari wa chini, na kwamba ni marufuku kutumia jina la mtu. Kanuni tatu zinazoitangulia ni za kawaida, hata siku hizi huwa lazima nizitafute ndipo nizikumbuke. Hii ya nne naijua kama Sala ya Bwana.

Asiyejua kazi yetu anivumilie kidogo. Mimi na rafiki yangu niliyesoma naye hapa Buruburu, Nairobi, tunatunza programu ya maji. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaweza kuichukua bure, kuifungua, kuona jinsi ilivyoandikwa ndani, na akipenda kutuletea marekebisho. Kazi yake ni ndogo. Inajua siku za mgao wa maji mtaani kwako, inapima yaliyobaki kwenye tangi lako, halafu inakuambia kama yatakufikisha au uanze kumtafuta mwenye mkokoteni mapema kabla hajapandisha bei. Ndani yake mna namba zisizobadilika. Mtungi ni lita ishirini, leo na kesho. Namba kama hiyo hatuiachi uchi. Tunaipa jina, ili atakayesoma baada yetu asikutane na ishirini akabaki anajiuliza ni ishirini ya nini. Tuliamua majina yawe ya Kiswahili, basi hiyo ikawa LITA_ZA_MTUNGI. Herufi kubwa ni za kumwonya mtu kwamba hiki hakiguswi.

Mwanzoni hatukuwa na kanuni. Tulikuwa na imani. Watu wakatuletea kazi zao kutoka Umoja, Donholm, Kayole, na kila mmoja akaandika alivyojisikia. Mmoja wao, shabiki wa mpira asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji, alizipa namba zake majina ya washambuliaji wa timu yake. Dakika za kungoja kabla ya kupima tangi upya zilikuwa na jina la mchezaji fulani wa Uingereza. Sikusema kitu, hata nilicheka. Kisha mchezaji yule akakosa penalti, na shabiki wetu, kwa uchungu, akaingia akamfuta na kuweka jina la mwingine. Alimfuta nusu ya mahali, nusu akamsahau. Siku mbili nzima programu iliwaambia watu wa Umoja kwamba matangi yao yamejaa. Mama mmoja alinipigia simu akiwa na nguo za watoto wanne kwenye karai, na aliyoniambia siwezi kuyaandika hapa.

Siku hiyo ndipo nilipokaa nikaandika kanuni. Tena sikuishia hapo. Tukamweka mkaguzi, ambaye ni kijiprogramu kinachosoma kila rekebisho kabla halijaingia. Akikuta herufi ndogo panapotakiwa kubwa anatia alama nyekundu, na hapo umekwama. Hana mjomba wala hali chai. Lakini mkaguzi hawezi kujua kama neno ni jina la mtu au la kitu, kwa hiyo hilo tulijiachia wenyewe, mimi na rafiki yangu, ambaye siku hizi anaishi ng'ambo kwenye baridi. Nilipendekeza kwamba rekebisho lisipite mpaka sisi wawili tuliidhinishe, mmoja akikataa basi. Nilisema hivyo ili siku moja mmoja wetu asije akalegea. Nilikuwa nikimfikiria yeye.

Rekebisho la mama mmoja wa mtaa wa Lucky Summer lilikuja wiki moja ya kiangazi, wakati ambapo hata mitaa iliyozoea kupata maji ilikuwa inapanga mitungi barabarani. Sikujua kama ni mama. Niliona tu jina lisilo na picha na kazi iliyoandikwa kwa uangalifu sana, mistari imenyooka kama ya daftari la stoo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area mpaka walipopunguza watu, na kwamba kuandika programu alijifunza baada ya hapo, kwa simu kwanza, kisha kwa kompyuta kuukuu aliyoachiwa na binti yake.

Alikuwa ameona kosa ambalo sisi wawili, na elimu yetu yote, hatukuliona. Programu yetu ilihesabu maji ya tangi mpaka sifuri. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini tangi likifika sifuri pampu inavuta hewa, na ikivuta hewa inaungua, na pale kwao tangi ni moja kwa nyumba nane. Yeye aliiambia programu ihesabu mpaka zibaki lita arobaini, mitungi miwili, kisha ipige kelele na isimame. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilikuwa ndilo lililotushinda.

Ile arobaini aliipa jina la mwanamke. Jina la Kikikuyu, la zamani, mojawapo ya yale unayosikia siku hizi kwa nyanya tu. Silitaji hapa, na sababu nitaieleza. Alikuwa ameliandika kama watu wanavyoandika majina, herufi ya kwanza kubwa na zingine ndogo. Mkaguzi akatia nyekundu. Yule mama akaliandika upya kwa herufi kubwa zote, na mkaguzi akampitisha, kijani kuanzia juu mpaka chini. Nadhani alifurahi sana dakika hiyo. Mimi nikaja nyuma ya kijani na kanuni yangu, nikamwandikia hadharani, kwa adabu zote za kazi yetu, kwamba namba ni nzuri ila jina haliruhusiwi, tafadhali aweke linaloeleza kazi yake. Nikapendekeza LITA_ZA_AKIBA.

Hakujibu hadharani. Alinitumia ujumbe akiuliza kama ninaweza kukutana naye.

Tulikutana Jumamosi asubuhi kwenye hoteli moja ndogo karibu na maduka ya Buruburu. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na kijana mkaidi mwenye vipokea sauti shingoni. Aliyekuja ni mama wa miaka karibu sitini, sweta la kijani, mkoba ameubana kwapani kama wanavyobana wote walioibiwa zamani katikati ya jiji.

"Ni wewe wa kanuni?" akaniuliza kabla ya kukaa.

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Nilidhani utakuwa mzee," akasema, akaagiza chai na mandazi mawili, moja akalisukuma upande wangu. Tulinywa kidogo. Yeye hakuwa na haraka.

"Hiyo jina ni ya mama yangu," akasema. "Na hizo lita forty ni zake pia. Tulikuwa tunaishi huku tu Eastlands, maji tunachota. Kila siku mitungi mbili za mwisho hakuna mtu anagusa. Hata ulie. Alikuwa anasema hayo maji si yetu. Ni ya mgonjwa, ama ya mtu amekuja na habari ya kifo na hajakunywa kitu tangu asubuhi. Mimi sikutoa forty kwa kitabu, kijana yangu. Nilitoa kwake."

Nilimwambia ninaelewa. Akanitazama kama mtu anayejua kwamba sijaelewa bado.

"Mimi nilizaa msichana mmoja," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaweka kikombe chini. Kwetu Wakikuyu majina hayachaguliwi. Msichana wa kwanza ni mama wa baba, wa pili ndiye mama wa mama. Hatusemi mtoto ameitwa kama nyanya yake, tunasema ni nyanya yake, amerudi. Mwanamke akizaa msichana mmoja tu, mama mkwe wake ndiye amezaliwa upya, na mama yake mwenyewe anabaki kwenye foleni isiyosonga. Mimi ninalijua hilo kwa upande wake mtamu. Nina binti mmoja, na ana jina la mama yangu, na tangu akiwa wa kubebwa mimi humwita "mama" na yeye huitika.

"Akaitwa mama ya mzee wangu," yule mama akaendelea, "na hiyo ni haki yao, sina neno. Wa pili ndio angekuwa mama yangu. Wa pili hakukuja. Sasa kila Disemba nikienda ushago, huko kijijini, mama yangu ananiuliza, 'Na mimi, nazaliwa lini?' Anacheka. Mimi pia nacheka. Disemba ya mwisho aliniuliza na hakucheka."

Mwenye hoteli alikuja kupangusa meza ambayo haikuwa chafu. Tulimngoja aende. Kwa aibu yangu nikapata suluhisho, kwa sababu ndivyo tulivyo watu wa kazi hii. Tukiona machozi tunatafuta pa kukaza skrubu.

Nikamwambia tunaweza kuliandika pembeni ya namba, kwenye yale maelezo tunayowaandikia wasomaji. Hakuna kanuni inayokataza majina kwenye maelezo. Jina la mama yake lingekaa pale pale, mstari mmoja na zile arobaini.

"Hayo maelezo, kompyuta husoma?"

"Hapana. Inayaruka. Ni ya binadamu."

"Basi zi, hapana," akasema. "Mama yangu amerukwa vya kutosha. Jina si ya kuandikwa kando, jina ni ya kuitwa. Mimi niliangalia vizuri. Kila saa hiyo programu ikipima tangi, inaita hiyo namba kwa jina. Kila saa, kila nyumba. Si ni hivyo?"

Ilikuwa hivyo. Sijawahi kuifikiria programu yetu namna hiyo, na tangu siku ile sijaweza kuifikiria vingine.

Nikamkumbusha kwamba ni programu huria, kwamba yeye ana haki ya kuwa na nakala yake na kuipa namba jina analotaka, na hakuna wa kumkataza.

"Nakala yangu ni ya nyumba yangu," akasema. "Kwangu anajulikana. Mtoto hupewa jina ili watu wa nje waiite, hata wale hawakumjua." Kisha akaongeza, bila hasira, na ingekuwa afadhali kama angekuwa na hasira, "Sikuja kugombana. Nilitaka tu ujue si jina ya mchezo. Na kama itakataa, usiandike hiyo jina mahali pengine kwa mtandao. Sitaki akae kwa mtandao bila kazi."

Nikamwahidi. Nikamwahidi pia kwamba nitajaribu, na kutoka hapo nilitembea mpaka nyumbani nikijiambia kwamba mtu aliyeandika kanuni hawezi kushindwa kuilegeza kidogo.

Nilimpigia rafiki yangu ng'ambo Jumapili baada ya kanisa. Nilimweleza yote, ya mitungi na ya Disemba. Yeye pia ni wa kwetu, sikuhitaji kumfafanulia foleni ya majina.

"Mkubwa, nimeskia," akasema. "Na imeniuma, usidhani haijaniuma. Lakini hata mimi niko na mathe, mama yangu. Leo tuko na huyu, kesho mwingine analeta cucu, nyanya yake, na yule wa mpira anarudi kusema yule striker ni binamu yake. Utamwambia nini?"

Nilijaribu kusema kwamba hili ni tofauti.

"Ni tofauti kwa sababu mlikunywa chai," akasema. "Wale wengine hukunywa chai na wao. Kuna dem alileta jina ya mtoto wake, huyo mtoto akiwa hospitali, unakumbuka? Ukamkatalia kwa mstari mmoja."

Sikukumbuka. Nilienda nikatafuta, na kweli nilikuta, mstari mmoja, na hata neno pole halikuwemo. Kama nilikuwa na hoja yoyote iliyobaki, iliishia pale. Sheria ni msumeno, tunasema, hukata mbele na nyuma, lakini tunasema hivyo tukidhani sisi ndio tumeshika mpini. Rafiki yangu hakuidhinisha. Bila yeye mimi peke yangu siwezi, na utaratibu huo nilikuwa nimeupendekeza mwenyewe.

Siku tatu nilishindwa kumwandikia yule mama. Kila nilipofungua ukurasa wake niliuona unangoja, kijani juu mpaka chini, na maneno yangu ya adabu yakiwa mwisho kabisa, na hakuna aliyeyajibu. Nilifikiria kujiondoa kwenye utunzaji. Nilifikiria kufuta kanuni yote. Sikufanya lolote. Huko nje watu walikuwa wanaunguza pampu, na rekebisho la kuwaokoa lilikuwa limekwama kwa sababu yangu, kwa jina moja ambalo nilitaka kulipitisha na sikuweza.

Siku ya nne alilibadilisha mwenyewe. Alifanya kazi safi kama kawaida, kila mahali, hakusahau hata mahali pamoja. Kwenye maelezo ya rekebisho aliandika, "Nimeweka LITA_ZA_AKIBA kama ilivyopendekezwa." Na kwangu pembeni akatuma ujumbe, "Asante kwa chai. Usisumbuke." Rafiki yangu aliidhinisha ndani ya dakika chache. Mimi nikaidhinisha baada yake. Nilibonyeza kitufe kile kama mtu anayetia sahihi asilotaka, lakini nilibonyeza.

Kiangazi kile kilikaa. Jirani yangu wa ukuta mmoja alinisimamisha siku moja langoni kunishukuru, akasema programu imemwokolea pampu mara mbili, siku hizi inapiga kelele yenyewe maji yakibaki kidogo. "Nyinyi watu mna akili," akasema. Nilitaka kumwambia si sisi. Lakini ningemwambia ni nani? Nikamjibu asante.

Yule mama hakuleta rekebisho lingine. Nilimwandikia mara mbili kumjulia hali, akanijibu vizuri mara zote mbili, ujumbe wa kumaliza mazungumzo.

Jambo lenyewe lilinikalia moyoni, na Jumamosi moja mchana niliamua kufanya kile kidogo nilichoweza. Programu ile inapima tangi letu pia. Nakala iliyo kwenye kompyuta yangu ya nyumbani si ya mradi, ni yangu, na haina wa kuidhinisha zaidi yangu. Nikaketi mezani sebuleni, nikafungua, nikafuta LITA_ZA_AKIBA na kuandika jina la yule mwanamke aliyetunza mitungi miwili. Haikuwa kwenye mtandao, kwa hiyo ahadi yangu ilisimama. Na haikuwa nyumbani kwa bintiye, bali kwa watu wa nje ambao hawakumjua, kama alivyotaka. Nikaiacha ipime. Programu ikaita jina lile, ikapata arobaini, ikaendelea na kazi. Nisiseme uongo, nilijiona mtu mwema.

Mke wangu alikuwa anapita na nguo za kuanikwa. Nikamwita aone. Nilitaka mtu wa kuona.

Yeye si mtu wa kompyuta, lakini jina hahitaji kufundishwa kulisoma. Kwao ni Machakos, Ukambani, na huko pia mtoto ni mtu aliyerudi.

"Huyu ni mama ya nani?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyomweleza rafiki yangu, yale maji ya mgonjwa, ile foleni, ile Disemba ya mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho na nguo mkononi, maji yakidondoka sakafuni.

"Umefanya vizuri," akasema. Kisha akasema, "Mama yangu pia alikuwa anauliza. Siku hizi ameacha."

Tuna binti mmoja. Daktari alishatuambia miaka mingi iliyopita kwamba hatakuja mwingine, na siku ile, tukirudi kutoka hospitalini, mimi nililia kwa ajili ya mtoto. Sikuwahi kuuliza mke wangu alikuwa analilia nani. Mama mkwe wangu huja kwetu mara mbili kwa mwaka na mfuko wa maembe na ndengu, hukaa kwenye kiti kile kile, humtazama binti yangu akiitwa, na miaka hii yote sikuona kitu. Nimehuzunika hotelini na mama wa Lucky Summer kuhusu jambo lililokuwa limeketi sebuleni kwangu.

Nikamwambia nitalibadilisha, sasa hivi, niandike jina la mama yake. Nilikwisha weka vidole tayari.

"Na huyo umtoe?" akauliza, akionyesha kwa kidevu lile jina kwenye kioo. "Baada ya kumwahidi bintiye?"

Arobaini ni moja na jina lake ni moja. Nikamwuliza basi nifanyeje.

"Sijui," akasema. "Kanuni yako inasemaje?"

Hakusema kwa ubaya. Nadhani alitaka kujua kweli. Akaenda nje kuanika, na mimi nikafuta herufi moja baada ya nyingine, nikarudisha LITA_ZA_AKIBA, na programu ikapima tangi kama kwamba hakuna kilichotokea. Nikamsikia mke wangu akimwita binti yetu aje afunge mfereji wa nje, maji yanamwagika bure. Alimwita kwa jina lake lote, jina la mama yangu, na kwa kuwa mtoto hakusikia, akaliita tena.